Bodi Imefungwa

Apolinaria aliijua simu ya Ngulumbe kabla hajaipokea. Simu za vijijini zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, na kila mtu alikuwa na namna yake ya kuzungusha. Wengine walizungusha kama wanaosaga mtama, wengine kama wanaoogopa kuharibu mali ya serikali. Raymundi, tabibu wa zahanati ya misheni ya Ngulumbe, alizungusha mara moja kwa nguvu, akanyamaza, kisha akazungusha tena polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Katika chumba cha mtambo wa simu mjini Tabora, kibati kidogo cha shaba juu ya tundu la Ngulumbe kikaanguka. Apolinaria akachomeka waya wake.

"Mwangaluka, dada," Raymundi alimwamkia kwa Kinyamwezi. "Mdogo wako ameanza."

Alieleza bila haraka, kama ilivyokuwa kawaida yake. Bernadeta alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto alikuwa amekaa vibaya kidogo, lakini alikuwa anajigeuza, na mama yao Pelagia alikuwa hapo anamkanda mgongo. Hakuna la kutisha kwa sasa. Ila Bernadeta alikuwa na upungufu wa damu tangu siku za kuhama, na tabibu hakuipenda rangi ya macho yake. Mambo yakiharibika atapiga simu kuomba gari la hospitali.

"Usiende mbali na bodi, dada."

"Niende wapi, na waya wenyewe umenifunga kichwani kama mbuzi wa maonyesho?"

Raymundi akacheka, akazungusha kukata simu, na kibati kikaanguka tena.

Bodi ilikuwa kabati la mbao lililosimama kama ukuta mbele ya kiti chake, limejaa matundu mithili ya mzinga wa nyuki. Kila tundu lilikuwa na mwenyewe: hospitali, stesheni, maduka ya Wahindi, shule, misheni, na vijiji vichache vilivyobahatika kufikiwa na nguzo. Nguzo za upande wa magharibi zilifuata njia ile ile waliyopita wapagazi wa pembe zamani wakienda na kurudi Ujiji. Apolinaria alipenda kulifikiria jambo hilo. Njia iliyokuwa ya mizigo na minyororo, sasa ilipitisha sauti za watu huru wakiulizana habari za mvua na wagonjwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, jioni alifundisha elimu ya watu wazima katika mtaa wa Isevya, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba nchi ilikuwa inajengwa, na kwamba kiti chake kilikuwa sehemu ya msingi.

Ndiyo maana, amri ya kuhamia vijiji vipya ilipotangazwa mwaka ule, yeye mwenyewe alipanda lori kwenda kuwashawishi wa nyumbani. Mama yake hakutaka kuacha makaburi na mashamba. Tobias, mume wa Bernadeta, alikuwa na mizinga yake msituni na hakuona sababu ya kwenda kupanga mstari na watu asiowajua. Apolinaria akakaa nao siku nzima akiwaeleza habari za shule, zahanati na kisima. Alipoona hawajalainika akawaambia kuwa Ngulumbe patakuwa na simu, na simu hiyo ataipokea yeye. Wakiwa na shida wataita, naye atakuwa upande wa pili. Hilo ndilo lililomlainisha mama. Wakahama mwezi wa saba, Bernadeta akiwa na mimba ya miezi saba, wakalala chini ya kibanda cha nyasi kwa sababu nyumba zilizoahidiwa zilikuwa bado ni vijiti vilivyochomekwa ardhini. Kisima hakikuchimbwa. Lakini zahanati ilikuwepo, na simu ilikuwepo kweli.

Jua lilikuwa limeshapita utosini pale kibati cha Operesheni kilipoanguka.

Operesheni ilikuwa ofisi ya muda iliyofunguliwa karibu na stesheni kusimamia malori ya kuhamisha watu. Mkuu wake aliitwa Nassibu, kijana msomi mwenye sauti ya upole ambaye siku hizo alionekana hajalala. Alisema Dar es Salaam watampigia wakati wowote kumpa jibu kuhusu dizeli na malori ya nyongeza, na jibu hilo likimpita, maelfu ya watu watakaa porini bila kufikishwa kokote. Hakupiga makelele. Alimwomba ndugu opereta kwa heshima zote afunge bodi.

Kufunga bodi kulikuwa na historia yake. Mwezi uliopita Dar walipiga, na opereta mwenzake, Minza, alikuwa anamwunganisha mtu mwingine. Dar walisubiri, wakachoka, wakakata. Malori yaliyokuwa yaje hayakuja. Minza aliitwa mhujumu mbele ya watu, akaondolewa kazini siku ile ile. Baada ya hapo likatolewa agizo: simu kubwa ikisubiriwa, opereta anachomoa nyaya zote, anabakiza moja tu iliyounganisha mwombaji na laini ya Dar, na yeye mwenyewe anaingiza sikio lake humo na kukaa. Haruhusiwi kupokea mwingine hata wa mtaa wa pili. Mikono yote, masikio yote, laini moja. Na aliyeomba bodi ifungwe ndiye peke yake anayeweza kusema ifunguliwe.

Apolinaria alimtazama msimamizi wake, Mzee Eustace, aliyekuwa mezani nyuma yake. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Basi akachomoa nyaya moja moja, mazungumzo ya watu yakikatikia katikati, akabakiza moja.

"Bodi imefungwa, ndugu," akamwambia Nassibu.

"Ahsante. Usifungue mpaka nikuambie mimi mwenyewe."

Opereta wa Dar alisema wasubiri. Kisha pale Dar pakawa kimya, waya ukabaki unavuma peke yake. Upande wa Operesheni, Apolinaria alisikia viti vikiburutwa, mtu akikohoa, mlango, gari likiwashwa. Halafu kukasikika mchakacho wa kitu laini, na baada ya hapo hapakusikika chochote.

Mwanzoni hakuwa na wasiwasi. Vibati vilianguka, kimoja huku, kimoja kule, naye akavinyanyua bila kujibu, kama mama anayewafunika watoto waliojifunua usingizini. Stesheni. Misheni. Duka la Champaklal, tena Champaklal, tena Champaklal. Mzee Eustace akamnong'oneza kwamba huyo Mhindi ana kidole chenye hasira.

Kisha kikaanguka cha Ngulumbe.

Akakinyanyua. Kikaanguka tena: mara moja kwa nguvu, kimya, halafu polepole. Akageuza kiti.

"Mzee, ni Ngulumbe. Ni Bernadeta."

Mzee Eustace alikuwa anajua habari za Bernadeta. Apolinaria alimsimulia asubuhi. Alivua miwani yake akaifuta kwa shati. Alikuwa mtu mwema, Mmoraviani wa kuimba kwaya, aliyeianza kazi hiyo kwa kubeba nguzo wakati wa Waingereza na sasa alikuwa anaimalizia akiwa amekalia kiti cha Mwingereza. Alimwambia amwite Nassibu kwenye laini aombe ruhusa. Dakika moja tu. Nassibu ni mtu, ataelewa.

Apolinaria akaita. Akasema halo. Akasema ndugu Nassibu. Akasema Operesheni, Operesheni, mnanisikia. Sauti yake ilimrudia imefifia, kama anayeongea na mto wa kulalia. Akazungusha kengele, lakini mkono wa simu upande ule ulikuwa umeinuliwa, na simu iliyoinuliwa haipigi kengele. Akaita Dar. Dar palivuma tu.

Kibati cha Ngulumbe kikaanguka.

"Nitakwenda mwenyewe," Mzee Eustace akasema, akachukua kofia yake. "Wewe usiguse kitu. Nakuomba, mwanangu. Kwa Minza sikuweza kusema neno. Na wewe usinitie katika hilo tena."

Akatoka kwa mwendo wake wa magoti mabovu kuelekea stesheni. Apolinaria akabaki na bodi. Hapo ndipo alipoanza kuelewa ni kitu gani kilichofungwa. Waya wa Ngulumbe ulikuwa mzima. Tundu lilikuwa karibu na mkono wake wa kushoto kuliko kikombe chake cha chai. Hapakuwa na kufuli wala askari. Palikuwa na mikono yake miwili tu, imelala mapajani, na kila kibati kilipoanguka mkono mmoja uliinuka, ukakisimamisha, ukarudi kulala. Alijiambia kwamba maelfu wako porini. Alijiambia kwamba Raymundi ni hodari, amezalisha nusu ya Ngulumbe. Alijiambia Mzee anakaribia kufika.

Mlango ukasukumwa. Hakuwa Mzee. Alikuwa Champaklal mwenyewe, muuza vyombo na vitambaa wa barabara ya sokoni, mwanamume mfupi mwenye jasho na kalamu nyuma ya sikio, ambaye hakuwahi kuingia chumba kile kwa sababu wateja walikatazwa.

"Shikamoo hapana, wewe mdogo kwangu," alisema. "Dada, simu yangu imekufa? Mimi zungusha mpaka bega nauma."

"Haijafa. Bodi imefungwa."

"Kafunga nani?"

"Operesheni."

"Tangu ile saa? Naongea nini wao, mahubiri?"

"Hawaongei," Apolinaria akasema.

Champaklal alimtazama, akaitazama bodi yenye waya mmoja, vibati vikianguka juu yake kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Hakuwa mjinga. Alijua siku hizo neno moja la ovyo kutoka kwa mwenye duka linaweza kuitwa unyonyaji, na alikuwa tayari ameanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Hata hivyo akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa kama haongei, wewe nasikiliza nini?"

Apolinaria alikuwa anasikiliza chumba kitupu hapa na chumba kitupu kule Dar. Tena, alipofikiri, hata kibati cha Ngulumbe hakikuwa kimeanguka kwa kitambo. Ukimya ule ulimwingia kama baridi. Raymundi angekuwa bado anaita, ingekuwa afadhali.

Akauchomoa waya.

Hakukutokea kitu. Hakuna kengele, hakuna aliyepiga kelele. Akauchomeka Ngulumbe, akazungusha kwa nguvu. Akazungusha tena. Mwishowe mtu akainua, akapumua, akagonga simu kwenye kitu kigumu.

"Nani yumo humu?" ikauliza sauti ya mama yake.

Pelagia hakuwa amewahi kushika simu maishani mwake. Apolinaria akamwambia kwa Kinyamwezi ageuze, sehemu ya waya iwe chini, na mama akageuza, sauti ikaja karibu mno, kama iliyo ndani ya kichwa.

"Mayu, ni mimi. Bernadeta yuko wapi?"

Mama akasema mtoto amezaliwa, wa kike, analia vizuri. Lakini damu imekataa kusimama. Raymundi amemkanda tumbo, amechoma sindano aliyokuwa nayo, imekataa. Tobias na vijana wamemfunga kitandani wakambeba na kitanda chake, Raymundi yuko nao, wameifuata barabara kuja mjini. Wameondoka si kitambo.

"Raymundi aliita mpaka mkono ukamchoka," alisema. "Akasema labda huko hakuna mtu."

"Nipo, mayu," Apolinaria akasema. "Nipo."

Akakata. Akaita hospitali. Walimjibu kwamba gari la wagonjwa limeazimwa na Operesheni tangu juzi, kubeba wazee huko njia ya Nzega. Akageuka. Champaklal alikuwa bado amesimama mlangoni, kalamu nyuma ya sikio, uso umebadilika.

"Unayo bado ile pikapu yako?"

"Ninayo. Petroli kidogo. Kibali cha kutoka mjini hakuna."

"Ni mdogo wangu. Anatoka damu. Wako barabara ya Ulyankulu, wanatoka Ngulumbe, wamembeba kwa miguu."

Champaklal alifumba macho, akasema kitu kwa lugha yake ambacho huenda kilikuwa dua na huenda kilikuwa tusi. Kisha akatoka mbio, viatu vyake vya wazi vikipiga sakafu. Apolinaria alisikia pikapu ikikohoa na kuondoka. Akarudi kwenye bodi, na kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, akawajibu wote waliokuwa wanasubiri, mmoja baada ya mwingine. Stesheni. Misheni. Mtu wa shule aliyetaka kujua kama mahindi yamefika. Akawaunganisha wote, sauti yake tulivu, machozi yakidondoka kwenye meza.

Mzee Eustace alirudi akiwa peke yake. Aliikuta ofisi ya Operesheni wazi na tupu. Nassibu alikuwa ameitwa ghafla njia ya Nzega. Madereva walikuwa wamegoma na watu wamekaa juani. Kabla ya kuondoka Nassibu alimwachia tarishi maagizo: simu isirudishwe chini, ikirudishwa laini itapotea. Tarishi, mzee mtiifu, aliona si adabu maneno ya uani na kelele za kuku kuingia katika simu ya Dar es Salaam. Akatafuta kitambaa safi cha meza, akaifunika na kuizungushia vizuri, kisha akaenda kukaa nje mlangoni asije mtu kuigusa. Mzee Eustace alipoingia kwa nguvu na kukifunua kile kitambaa, alisema halo, na hakujibiwa.

Kwa sababu laini ilikuwa imeshachomolewa. Aliitazama bodi, nyaya zimejaa, akaketi taratibu kitini pake. Hakumkaripia.

Pikapu ya Champaklal iliwakuta machweo yakikaribia, mbali bado na mji, mahali ambapo barabara inaikata njia ya zamani ya wapagazi na hakuna nyumba wala maji. Walikuwa wamekishusha kitanda chini ya jua. Raymundi alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono yake miwili bado imekandamiza tumbo la Bernadeta, na vijana waliokuwa wanapokezana kubeba walikuwa wamekaa mbali kidogo, wamegeukia upande mwingine. Champaklal aliteremka, akavua koti lake. Tobias alimwambia ahsante kwa kuja. Wakamrudisha Bernadeta Ngulumbe, si mjini.

Walimzika kesho yake kwenye kipande cha ardhi ambacho kijiji hakikuwa bado kimekitenga kwa makaburi, kwa kuwa katika mipango yote hakuna aliyekumbuka kupanga makaburi. Kaburi lake lilikuwa la kwanza. Apolinaria alifika kwa lori la pamba, akasimama na wanawake. Baada ya maziko alimfuata Raymundi aliyekuwa ananawa udongo nyuma ya zahanati.

"Nilidhani umetoka," Raymundi alisema. "Nilijiambia amekwenda kula, atarudi. Nikasubiri simu zaidi kuliko ilivyofaa. Ningemtoa mapema."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nakiona kibati kinaanguka."

Raymundi aliinua uso, maji yakimdondoka viganjani. Akamwuliza kwa nini, na Apolinaria akamweleza kufunga bodi ni nini, kwa maneno machache, na kadiri alivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuwa jambo la wazimu, ingawa kila hatua yake ilikuwa na sababu. Mwishowe akamwuliza swali alilolijia.

"Ningepokea ile ya kwanza, angepona?"

"Gari lenyewe hospitali halikuwepo," Raymundi akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya, akaongeza, "Lakini la Mhindi lilikuwepo. Sijui, dada. Labda."

Hakumgusa, hakumlaumu. Alichukua kopo lake la sabuni akaingia ndani.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata, katika ofisi ya msimamizi. Walikuwepo wakubwa wawili kutoka makao makuu ya simu, na Nassibu, ambaye alikuwa amekonda. Kabla ya kuingia, Mzee Eustace alimvuta Apolinaria kwenye korido akamnong'oneza kwamba amefikiria njia. Atasema plagi ililegea. Bodi ni ya zamani, plagi hulegea zenyewe, yeye mwenyewe atashuhudia. Laini ikakatika kwa ubovu wa mtambo, basi. Dar hawakupiga siku ile hata hivyo, hakuna aliyepoteza kitu. Atabaki kazini.

"Ulishampoteza mdogo wako," alisema. "Usipoteze na mkate. Ukatae kwa nini, mwanangu? Kuna mtoto sasa wa kulea."

Apolinaria alimshika mkono yule mzee, mkono wenye alama za nguzo. Alijua wema uliokuwa ndani ya uongo ule, na alijua vilevile kwamba plagi ikilegea, watabadilisha plagi. Wataleta nyingine ngumu zaidi. Na agizo litabaki kama lilivyo, na siku nyingine kibati cha mtu mwingine kitaanguka, na opereta mwingine atakaa na mikono mapajani.

Ndani, walipomwuliza, alisema mtambo haukuharibika. Plagi ilikuwa imara. Aliichomoa kwa mkono wake, na kosa lake ni kwamba alichelewa kuichomoa. Alisema pia kwamba haombi kusamehewa, ila anaomba kitu kimoja: anayefunga bodi akae na simu sikioni mwenyewe, na opereta akimwita asijibu, bodi ifunguke.

Mmoja wa wakubwa akamkumbusha kwamba hakuja pale kutunga sheria. Mwingine alimwuliza kama anaelewa kwamba maelfu ya wananchi walitegemea laini ile.

"Naelewa," alisema. "Bernadeta alikuwa mmoja wao."

Nassibu aliinua kichwa. Walidhani atasema kitu, wakasubiri. Alifungua kinywa, akawatazama wakubwa wale, akainamia tena mikono yake. Pengine alikuwa na la kusema. Pengine aliwaza malori, au watu waliokuwa bado juani njia ya Nzega.

Wakamwachisha Apolinaria kazi kabla ya saa ya chakula. Agizo halikubadilishwa. Mzee Eustace alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye amebakiza muda mfupi kustaafu, na katika muda huo, wakimwambia afunge, atakuwa anawaita. Wasipojibu, atafungua, na asiulizwe. Alisema hivyo huku akitazama kulia na kushoto, kama mtu anayepanga wizi. Apolinaria alimpigia goti, akamwambia ahsante baba.

Siku hiyo hiyo alipanda lori kwenda Ngulumbe na sanduku lake. Champaklal alikuwa amemwekea makopo ya maziwa ya unga ndani ya mfuko wa sukari, akakataa kusema bei, akamwomba tu asiseme yametoka kwa nani. Barabarani walipita malori mengine yamejaa watu, vitanda, kuku na milango iliyong'olewa. Aliwatazama wale wanawake waliokaa juu ya mizigo yao na, ingawa moyo wake ulikuwa umevunjika, hakuweza kuwaambia warudi. Hawakuwa na pa kurudi. Moshi wa nyumba zao ulionekana nyuma. Aliwaza tu kwamba huko waendako patahitaji watu wa kuwajibu.

Alimkuta mama yake ameketi mbele ya kibanda, mtoto mapajani, analia kilio kile cha njaa kisichochoka. Jirani aliyekuwa anamnyonyesha alikuwa ameishiwa maziwa tangu asubuhi. Alikuwa na wake mwenyewe, na chakula kilikuwa haba kwa wote. Tobias alikuwa juu ya paa, anafunga nyasi, na hakuteremka, lakini aliitikia salamu.

Apolinaria akanawa mikono. Akachemsha maji, akakoroga unga wa maziwa mpaka ukalainika, akausubiri upoe. Mtoto alikikataa kijiko, akakitema, akageuza uso. Akajaribu tena, akakitema tena. Mama akasema ampe yeye, lakini Apolinaria akatikisa kichwa, akachovya kidole chake kidogo kwenye maziwa, akakiweka kwenye midomo ile myembamba. Mtoto alinyamaza. Akakishika kwa fizi zake kwa nguvu ambazo Apolinaria hakuzitarajia, akaanza kunyonya, naye akakaa pale chini, mgongo umepinda, akichovya na kurudisha, akichovya na kurudisha, mpaka kikombe kikaisha.